Msimwache mwalimu peke yake na darasa

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na kwa Katibu Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI)

Ndugu Kamishna, Ndugu Katibu Mkuu,

Nawaandikia nyote wawili barua moja kwa sababu jambo ninalolileta limekatwa vipande viwili. Kimoja kipo Wizarani, kingine kipo TAMISEMI, na ukiuliza huku unaelekezwa kule. Mtaala, nyaraka za elimu na kanuni za adhabu vinatoka upande wa Kamishna. Ikama, uhamisho na uendeshaji wa shule zetu wa kila siku viko upande wa Katibu Mkuu. Mwalimu anayewahitaji nyote kwa wakati mmoja hajui abishe hodi wapi, kwa hiyo nabisha kote kuwili, hadharani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nafundisha Kiswahili madarasa ya juu, na juu ya hayo ni mwalimu wa malezi na unasihi. Ombi langu ni moja: kazi ya kushughulika na mtoto anayevuruga darasa ihesabiwe kuwa kazi. Ipangiwe watu, ipangiwe saa, ipangiwe mafunzo, kama tunavyopanga Hisabati. Leo haihesabiwi popote. Kila mwalimu anaifanya kivyake, kwa namna aliyoiona kwa waliomfundisha yeye utotoni, na ikimshinda anasemwa ofisini kwamba hamudu darasa.

Kila jambo hili linapoguswa, redioni au vikaoni, mazungumzo hukimbilia kwenye kiboko: wapo wanaotaka kizidi, wapo wanaotaka kiishe. Nitakifikia kiboko, wala sitakwepa kusema msimamo wangu. Lakini kwanza naomba niwaingize darasani, maana wengi wanaojadili nidhamu ya shule za msingi wana miaka mingi hawajakaa humo kipindi kizima, dakika zote 40.

Tangu ada na michango vilipofutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, watoto waliokuwa wamefungiwa nje wameingia shuleni. Nawashukuru wote walioufanya uamuzi ule na sitaki hata mtoto mmoja arudi nyumbani. Kiwango chetu cha wanafunzi kwa chumba ni 45. Darasa langu la tano lina zaidi ya 130, wanne wanne kwenye dawati la wawili au watatu, na waliobaki wanakaa sakafuni karibu na ubao. Shule jirani wanasoma kwa zamu mbili. Vitabu vya kiada havitoshi, kwa hiyo ili watoto wawe na cha kusoma lazima nikiandike ubaoni. Nikiandika ubaoni nimewapa mgongo. Aya tatu za ufahamu, pamoja na maswali, zinanichukua karibu nusu ya kipindi, na katika muda huo watoto 130 hawana cha kufanya isipokuwa kuusubiri mkono wangu ufike mwisho wa mstari.

Hapo ndipo kelele zinapozaliwa. Huyu kamsukuma mwenzake kwa sababu kiwiko hakina pa kukaa. Yule kachukua kalamu ya jirani kwa sababu yake imeisha wino na duka liko nje ya geti. Msichana wa nyuma haoni ubao, anasimama. Aliye nyuma yake naye haoni, anamvuta sketi. Nikigeuka, nakutana na vurugu ambayo ukiifuatilia hadi chanzo chake utafika kwenye kitabu ambacho hakipo. Mtoto ndiye atakayeadhibiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita utovu wa nidhamu katika shule zetu ni msongamano, na hakuna mbinu ya malezi wala fimbo itakayoumaliza msongamano. Mkileta vitabu vya kutosha darasa moja, mtakuwa mmelituliza darasa hilo kuliko semina yoyote.

Tumejitafutia njia za kupita katika hali hii, na moja mnaijua kwa sababu nanyi mlipitia: kiranja anapewa karatasi aandike majina ya wapiga kelele. Mwalimu anaingia, anasoma orodha, walioandikwa wanasimama. Naomba tuitazame orodha hii bila kuionea haya. Anayeiandika ni mtoto wa miaka kumi na moja, na wenzake wanajua anaweza kufuta jina kwa kipande cha muhogo. Jina la mtoto mnyonge halifutiki. Mtoto aliyekwisha kupachikwa sifa ya ukorofi ataandikwa hata siku aliyolala. Nimewauliza watoto, mmoja mmoja, kuhusu adhabu wanazozikumbuka kwa uchungu, na mara nyingi sana wanachotaja ni ile orodha na jinsi walivyosimamishwa bila kuulizwa. Mwalimu anayeitumia hana ukatili wowote. Anafundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja kwa sababu mwenzake yuko likizo ya uzazi na hakuna wa kumshikia, basi ameomba msaada kwa mtu pekee aliyekuwepo, na mtu huyo ni mtoto.

Mbali na kelele za msongamano, wapo watoto wachache katika kila darasa ambao shida yao ni yao hasa. Hao ndio wanaonipeleka ofisini jioni nikiwa nimechoka, na kwa ajili yao nahitaji msaada ambao siwezi kuupata kwa nguvu zangu.

Yupo msichana aliyeletwa kwangu kwa kosa la kiburi. Akiitwa haitiki. Akitumwa anakwenda kwingine. Walimu kadhaa walikwisha kumwadhibu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiamini anamrekebisha. Nilimketisha karibu nami nikaongea naye kwa sauti ya kawaida, akawa ananitazama midomo. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa mdogo, na nyumbani walikwisha kuzoea kumpigia kelele wakidhani ndivyo alivyo. Alipelekwa zahanati, akaanza matibabu, akahamishiwa dawati la mbele. Kiburi kiliisha. Kazi yote ile ilihitaji dakika ishirini za mtu mzima asiye na haraka, na katika ratiba ya shule yetu dakika ishirini za namna hiyo hazipo. Nilizikata kwenye mapumziko ya uji.

Yupo pia mvulana anayelala darasani na kumpiga ngumi yeyote anayemwamsha. Jioni huuza mayai ya kuchemsha na karanga kwenye kituo cha daladala mpaka magari yapungue, na nyumba wanayopanga imepakana na uwanja ambao mwishoni mwa wiki hupigwa kigodoro hadi alfajiri. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi, alikuja nilipomwita. Alikaa kwenye benchi, akafungua fundo la kanga, akataka kunipa shilingi elfu mbili ili nisimfukuze mjukuu wake. Nilimrudishia, tukakubaliana kwamba siku za shule mtoto asivuke saa mbili usiku kituoni. Amejitahidi, lakini si kila siku anaweza, kwa kuwa mayai hayo ndiyo kodi ya chumba. Basi niambieni: mtoto huyu akimtandika mwenzake ngumi saa nne asubuhi, nimfanye nini ambacho ni haki kwake, ni haki kwa aliyepigwa, na kinaniacha niendelee na somo? Jibu lipo, na baadhi yake nalijua. Lakini linahitaji mtu wa pili, wa kukaa na darasa huku mimi nikizungumza naye nje, au wa kuzungumza naye nje huku mimi nikifundisha.

Sasa kiboko. Kanuni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, ziko wazi. Viboko havizidi vinne. Vinatolewa kwa makosa makubwa tu. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa mkuu wa shule mwenyewe akiwa mwanamume. Kila adhabu inaandikwa kitabuni pamoja na jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Nendeni shule yoyote mkaombe kitabu hicho, kisha mhesabu fimbo zilizosimamishwa kwenye kona ya ofisi ya walimu. Hamtahitaji mtafiti kuwaeleza tofauti iliyopo kati ya kanuni na maisha. Hata hivyo watafiti walikwisha kuieleza: utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takribani nusu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18.

Nataka kiboko kiondoke shuleni. Nasema hivi nikijua wenzangu wengi hawakubaliani nami, na nikijua wazazi watanikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeona fimbo ikinyamazisha darasa kwa robo saa. Sijaona ikimfundisha mtoto kusoma, wala ikimwondolea hasira aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Na tunajua inakofikia mwisho wake. Mwaka 2016 video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya ilizunguka nchi nzima. Mwaka 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki mjini Bukoba baada ya kupigwa shuleni. Kila mara taifa liliuliza nani aadhibiwe, na ilikuwa haki kuuliza. Kuhusu vijana wale wa Mbeya ningependa pia tungeuliza ni saa ngapi za masomo yao ya ualimu zilitumika kuwafundisha la kufanya mwanafunzi mkubwa anapokataa kutii mbele ya wenzake. Mimi nilipokuwa chuoni somo hilo lilipita kwa haraka, kwa maneno mazuri kuhusu mwalimu kuwa mlezi, na hatukupewa hata mara moja nafasi ya kulijaribu.

Hata hivyo nawasihi msikiondoe kiboko kwa waraka peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikifuta mwaka 2001, wakakazia katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mapema mwaka 2021, baada ya walimu kushambuliwa na wanafunzi, Waziri wao wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba kiboko kirudi. Miaka ishirini ilikuwa imepita! Ninavyoielewa mimi habari hiyo, sheria ilichukua fimbo, na walimu wengi wakaachwa mikono mitupu. Mtu aliyeachwa mikono mitupu mbele ya vijana wenye hasira hukumbuka kile alichonyang'anywa.

Uganda kuna mfano wa namna nyingine, na huo ndio ningependa muusome kwa makini. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango unaoitwa Good School Toolkit. Haukuanza na katazo. Uliwakalisha walimu, wanafunzi, uongozi wa shule na wazazi wakajadili shule wanayoitaka, wakaunda kamati, wakatunga kanuni za darasa pamoja na watoto, na walimu wakafanya mazoezi ya adhabu zisizoumiza na ya kusifia kwa wakati. Ulipopimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, kwa muda wa miezi kumi na minane, uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia ulipungua kwa asilimia 42. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Luwero ni vijijini, nako walimu ni wachache na madarasa yamejaa kama kwetu, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo hayo ni ya nchi tajiri.

Na hata hatuhitaji kuvuka mpaka. Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, wamewapa walimu wa Tanzania mafunzo yasiyofika hata wiki moja kuhusu namna ya kuhusiana na wanafunzi na kuwarekebisha bila kuwapiga, na katika ripoti walizotoa mwaka 2018 vipigo vilipungua. Ujuzi huo umo nchini mwetu, umeandikwa na wataalamu wetu. Kwa nini haujafika kwangu kwa mkono wa serikali?

Ndugu Kamishna, njia ya kuufikisha mnayo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yameweka jumuiya za kujifunza shuleni na katika vituo vya walimu, na vishkwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 vilikuja mikononi mwetu baadaye. Vikao ninavyohudhuria vinahusu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), Hisabati, utengenezaji wa zana. Ni vizuri, viendelee. Lakini nendeni mkasikilize walimu wanazungumza nini kikao kikiisha, wakisubiri usafiri. Wanazungumza juu ya watoto. Yule wa la nne anayewavua wenzake viatu. Yule aliyeanza kutukana matusi ya nguoni mwezi huu ghafla, na kila mwalimu mwanamke aliyesikia ameingiwa na wasiwasi kwamba kuna jambo limempata nyumbani. Mafunzo ya kweli yanafanyika pale nje, bila mwezeshaji, bila mtu wa kuyapokea. Yaingizeni ndani. Kikao kimoja kila mwezi kiwe cha kuleta kesi ya mtoto halisi, jina likifichwa, walimu waijadili pamoja na mtu mwenye ujuzi wa unasihi, wakubaliane la kujaribu, na kikao kinachofuata waulizane limefikia wapi.

Shuleni kwetu tumejaribu kitu kidogo ambacho hakikugharimu hata senti. Mimi na mwenzangu wa Hisabati tulikubaliana kutembeleana darasani, mmoja afundishe, mwingine akae nyuma na daftari akiandika tu vurugu imeanzia wapi na saa ngapi. Tulichokikuta kilitushangaza wote wawili. Katika darasa lake, vurugu karibu zote zilianza wakati wa kugawa madaftari yaliyosahihishwa, maana watoto walikuwa wakirushiana na kupita juu ya madawati. Akabadilisha: madaftari yanapangwa kwa safu kabla ya kengele, na mtoto wa mwisho wa kila safu ndiye anayagawa. Darasa lilelile, watoto walewale, zile dakika za mwanzo zikatulia. Kwangu aliona kwamba ninawauliza maswali watoto wa upande wa mlangoni peke yao, na upande wa dirishani umekwisha kujitangazia likizo. Hakuna kati yetu aliyejua, na kila mmoja alikuwa akilaumu watoto.

Kwa nini hatuendelei kufanya hivyo kila wiki? Kwa sababu nikikaa nyuma ya darasa lake, la kwangu halina mtu. Tunarudi palepale kwenye saa na watu.

Ndugu Katibu Mkuu, hapa nakugeukia wewe. Mwalimu wa malezi na unasihi katika shule zetu ni jina tu. Anateuliwa na mwalimu mkuu, mara nyingi kwa sababu ana sauti ya upole au ana watoto wakubwa nyumbani. Hapunguziwi vipindi. Mimi nina vipindi sawa na mwenzangu yeyote, ninashika zamu kama wote, na mwongozo wa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ulipokuja, dawati nalo likawekwa mikononi mwangu, kwa kuwa lilionekana kufanana na kazi niliyonayo. Chumba sina. Ninazungumza na watoto chini ya mwembe, mbele ya macho ya shule nzima, na mtoto anayetaka kuniambia kwamba anaguswa na mjomba wake usiku hawezi kuniambia hapo.

Naomba katika ikama ya shule ya msingi yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja iwemo nafasi kamili ya mtaalamu wa unasihi, asiyefundisha masomo. Vyuo vikuu vyetu vinatoa wahitimu wa saikolojia ya elimu na unasihi, na wengi wao wako mtaani wakisubiri ajira. Nafahamu kwamba nafasi ni chache na walimu wa Sayansi na Hisabati wanatakiwa kila kona. Kama nafasi kamili haiwezekani sasa, basi mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi hadi nusu, kwa maandishi, ili asiwe anaomba fadhila kwa mwalimu mkuu kila Jumatatu. Na walimu wa ajira mpya msiwaache wapewe madarasa yaliyowashinda wazoefu. Hilo hutokea sana: mgeni hana sauti ofisini, anatupiwa la sita B. Mwaka wake wa kwanza anajifunza kitu kimoja, kwamba fimbo ndiyo inayokubalika.

Kuna watoto ambao shule haiwawezi, hata ikiwa na vitabu vyote na mnasihi wa kudumu. Ninaye mvulana wa miaka kumi na mitano, darasa la sita, anayeshinda kwenye dubwi akicheza kamari kwa fedha ambazo hatujui anazipata wapi, na aliyewahi kumwambia mwalimu kijana kwamba watakutana njiani. Mwalimu yule alibadilisha njia ya kurudi nyumbani. Tulimwandikia mzazi, hakuja. Mwalimu mkuu akamwandikia Mtendaji wa Mtaa. Ile barua sijui iko kwenye faili gani. Afisa ustawi wa jamii anahudumia eneo kubwa kiasi kwamba kumpata ni bahati, na sisi tunabaki na uamuzi wa mambo mawili tu, kumvumilia au kumfukuza, na tukimfukuza tunaipa barabara kijana mwenye hasira zaidi. Naiomba TAMISEMI, ambayo ndiyo yenye maafisa ustawi wa jamii na ndiyo yenye shule, iandike utaratibu mmoja: shule ikitoa taarifa ya mtoto wa namna hii, nani anaipokea, ndani ya siku ngapi anafika nyumbani kwa mtoto, na anamrudishia nani majibu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo na tunaitumia kwa mambo ya dharura. Ninachoomba ni mtu wa kata anayelijua geti la shule yetu.

Lipo jambo jingine ambalo walimu hatulisemi mbele ya wakubwa. Mwaka 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimfuta kazi, na tulishukuru. Lakini tabia ya kumfokea mwalimu mstarini mbele ya wanafunzi, au kumwita mwalimu mkuu mvivu mbele ya kamera na wazazi, haikuondoka na mkuu yule. Mwaka 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa wanafunzi wa sekondari mbele ya watu, na wapo waliomshangilia. Viongozi wanaofanya hivi wanatuonyesha, walimu na watoto pamoja, kwamba mwenye cheo hurekebisha kwa kudhalilisha. Mwalimu aliyefokewa asubuhi akiingia darasani saa tatu anakuwa na nini cha kumpa mtoto anayemtibua? Mnaweza kulizuia hili kesho asubuhi bila bajeti: mkimwona kiongozi anamdhalilisha mwalimu mbele ya wanafunzi, mkemeeni.

Na wathibiti ubora wa shule waongezewe swali moja kwenye fomu. Wakija wanatazama azimio la kazi, andalio la somo na madaftari. Wamuulize pia mwalimu mkuu: mwezi uliopita ni mwalimu gani hapa aliyeelemewa na mwanafunzi, na mlimsaidiaje? Shule itakayojibu kwamba hakuna aliyeelemewa ichunguzwe zaidi. Swali hilo likianza kuulizwa, wakuu wa shule wataanza kutafuta majibu yake kabla ya mgeni kufika, na mwalimu atakayesema ofisini kwamba mtoto fulani amemshinda hataonekana dhaifu.

Muhula ujao nitakuwa na darasa la tano jipya, na kutokana na uandikishaji wetu halitakuwa dogo kuliko hili. Sitegemei vyumba vipya kufikia hapo. Yaliyobaki hayahitaji ujenzi: vipindi vya mwalimu wa malezi kupunguzwa, kesi za watoto kuingizwa kwenye MEWAKA, mafunzo ya wataalamu wetu wenyewe kutumwa kwenye vishkwambi tulivyonavyo, utaratibu wa ustawi wa jamii kuandikwa, na swali moja kuongezwa kwenye fomu. Kama mtakubali lolote katika haya, naomba mlitoe kwa waraka mmoja wenye sahihi zenu zote mbili na tarehe ya kuanza, ufike hadi kwa Afisa Elimu Kata, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya walimu. Kama mtakataa, naomba sababu nazo zibandikwe hapohapo, ili tujue la kuwaeleza wazazi kwenye mkutano wa shule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa malezi na unasihi,
shule ya msingi ya serikali, Dar es Salaam